Sungura wako si pipa la taka za jikoni

Jibu swali hili kwa roho safi. Yale majani ya kabichi ya manjano, yenye utelezi, aliyokupa mama mboga bure jana jioni sokoni Ukunda, wewe ungeyapika ukayala? Hungeyala. Ungeyatupa, tena mbali, yasilete nzi. Basi niambie, mbona umempelekea sungura?

Leo nataka tuongee hilo, vijana wa Ukunda, Diani, Msambweni, na nyinyi wa Likoni ambao mkifuga kitu ni lazima dunia nzima ijue. Sungura wamekuwa fasheni. Kuna mtoto ananunuliwa kama zawadi ya Idd, kuna mpenzi ananunuliwa, na kuna yule anayenunua kwa ajili ya video tu. Boksi la katoni, karoti mbili, picha tatu, imepostiwa. Wiki mbili baadaye unasikia, "Jana alikuwa mzima kabisa, leo asubuhi nimemkuta amekauka." Halafu kesi inaanza: eti ni joto, eti ni jicho la jirani, eti muuzaji alimuuza mgonjwa. Sawa, joto la huku laweza kumuua sungura kweli, na wagonjwa huuzwa kweli. Lakini bakuli la chakula ndilo lingekaguliwa kwanza, na hakuna anayelikagua.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa sungura, nyasi ndio sima, mboga ni kitoweo. Ukiigeuza hesabu hiyo unamuua mnyama kwa mapenzi. Na ukimlisha ulichokusudia kutupa, hapo hata mapenzi hakuna.

Mimi si daktari wa mifugo. Chuo nilikiacha njiani na ukutani kwangu hakuna cheti. Lakini haya mambo hayataki digrii. Yanataka usome kidogo, uulize wanaojua, halafu umtazame mnyama wako kuliko unavyoitazama simu.

Karoti ni uongo wa katuni

Tuanze na karoti, maana hiyo ndiyo imetushika. Mwaka 1940 Wamarekani walimtoa Bugs Bunny kwenye katuni fupi iitwayo "A Wild Hare", anatafuna karoti huku akijibu watu kwa dharau. Tangu hapo dunia nzima inaamini sungura na karoti ni kama samaki na maji. Ukweli ni kwamba karoti ina sukari nyingi kwa tumbo la sungura. Kwake ni kama kaimati kwako: tamu, lakini huwezi kuzila asubuhi, mchana na jioni ukabaki salama. Kipande kama ncha ya kidole gumba, mara moja au mbili kwa wiki, kinatosha. Ukibahatika kupata karoti yenye majani yake, majani mpe yeye, mzizi tia kwenye pilau yako.

Matunda vilevile. Msimu wa maembe ukifika huku Pwani kila mtu anakuwa mkarimu. Embe, ndizi mbivu, papai, tikiti la pale kwa muuza juisi, vyote ni sukari. Kidogo kama onjo, si chakula.

Halafu kuna uongo wetu wa nyumbani. Sungura wa hadithi za bibi ni mjanja, anaingia shamba la mtu, anakula chochote na anatoka salama. Lakini yule ni sungura wa porini wa huku kwetu, ambaye mtoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Huyu wako wa kwenye boksi ni mnyama mwingine. Asili ya ukoo wake ni huko Uhispania na Ureno, na mtoto wake huzaliwa uchi, hajafungua macho. Majani ya Kwale hayajui. Kwa hiyo ukisema "kama ni sumu ataacha mwenyewe", unacheza kamari na roho ya mtu mwingine. Tena sungura aliyefungiwa na njaa hachagui.

Tumbo lake si lako

Sungura ana meno 28, na yote yanaota maisha yake yote. Yale ya mbele yanaweza kurefuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka yasiposagika. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi, masaa na masaa, kutwa nzima. Kabichi laini haisagi kitu. Meno yakizidi yanamchoma ulimi na mashavu, na mnyama anaacha kula huku wewe unadhani ameringa.

Chini huko tumboni ana mfuko mkubwa ambamo vijidudu vizuri vinachachusha chakula kumtolea nguvu. Vijidudu hivyo vinaishi kwa nyuzinyuzi za nyasi. Ukimwaga sukari, mkate, wali au rundo la mboga ngeni kwa ghafla, unavuruga mtaa mzima. Vijidudu vibaya vinapanda, gesi inajaa, tumbo linauma. Na hapa ndipo penye hatari: sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakirudi. Utumbo unaweza kusimama kabisa.

Dalili zake zijue. Anajikunja pembeni, anasaga meno, hataki kula, na mavi yanakuwa madogo au hayaonekani kabisa. Masaa 12 bila kula wala kunya ni dharura. Usiseme "tumpe mpaka kesho". Tafuta mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Jambo moja lisikutie wasiwasi: ukimwona usiku au alfajiri anainama na kula kinyesi laini moja kwa moja kutoka nyuma, muache. Ndivyo alivyoumbwa, anakipitisha chakula mara ya pili apate vitamini na protini. Usimtimue wala usimuone mchafu.

Watu wa Diani, nyinyi somo hili mnalo tayari. Tangu 1997 Colobus Conservation wako pale, wametundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega na tumbili wasigongwe na magari, na kila siku wanaomba watu wasiwalishe wanyama hao. Mbega ni mla majani, tumbo lake nalo linaendeshwa na vijidudu. Ukimpa mkate na chipsi humpendezi, unamharibu. Sasa mbona kwa mbega wa mtini tunaelewa, kwa sungura wa sebuleni hatutaki kuelewa?

Wewe unapika, yeye hapiki

Sentensi ninayoisikia sana ni hii: "Lakini hiyo mboga hata sisi twala." Ndio, mwala. Baada ya kuitwanga, kuichemsha, kumwaga maji na kuiunga kwa nazi. Sungura hana jiko. Anaila mbichi, jinsi ilivyo.

Chukua kisamvu. Majani ya muhogo mabichi yana kemikali zinazotoa sianidi yanapotafunwa. Bibi zetu hawakukaa wakatwanga na kupika muda mrefu kwa sababu walikosa kazi. Usimpe sungura majani mabichi ya muhogo, hata kama uani kwenu yamejaa bure.

Chukua mnavu. Kwa sima ni mtamu, mimi mwenyewe siuachi. Lakini mbichi, hasa ule wenye vitunda vya kijani, una sumu ya ukoo wa mbatata na nyanya. Majani ya mbatata, majani ya nyanya, na mbatata iliyogeuka kijani au kuchipua, vyote visifike kwenye boksi lake. Na hapa watu wanachanganya, kwa hiyo nisikize vizuri: majani ya viazi vitamu, yaani matembele, ni salama kabisa. Ya mbatata si salama. Jina la kiazi ni moja, mimea ni miwili tofauti.

Parachichi ni marufuku, tunda, ganda na majani. Kitunguu maji na kitunguu saumu pia marufuku, vinaharibu damu yake. Maharagwe mabichi makavu, hapana. Na wewe unayefanya kazi hotelini, ile saladi iliyobaki kwenye bafe ikiwa imemiminiwa siki, chumvi na mafuta, si mboga tena kwa sungura. Iache huko huko.

Kuna pia zile za katikati. Si sumu, lakini zikizidi zina madhara. Sukuma wiki ina kalsiamu nyingi, na sungura huitoa kalsiamu ya ziada kwa mkojo. Ukiona mkojo mzito kama chokaa kila siku, punguza. Spinachi na mchicha zina asidi ya oksaliki, kwa hiyo zipishane na nyingine, zisiwe za kila siku. Kabichi humjaza gesi, hivyo kidogo sana au acha tu. Na ile letusi nyeupe ya duara ni maji matupu, inamharisha bila faida.

Ua la hoteli si nyasi

Hili ni letu la pwani ya kusini, huwezi kulipata kwenye video za Ulaya. Pale Diani bustani zinakatwa kila wiki, na vijana wanabeba matawi kupelekea mbuzi na sungura. Simama hapo hapo. Katika ule mchanganyiko mara nyingi mna oleanda, ule mti wa ua wenye maua ya waridi au meupe na majani marefu membamba. Una sumu inayosimamisha moyo, na kwa mnyama mdogo majani machache yanatosha. Lantana, ile yenye vishada vya maua ya rangi mbili tatu inayoota kando ya kila njia, ni sumu pia. Mbarika na mnyaa usiviguse.

Kuna na lukina, mti wa malisho uliopandwa sana Pwani. Mbuzi anaula bila wasiwasi kwa sababu tumbo lake ni jingine. Sungura akizoeshwa lukina kwa wingi ananyonyoka manyoya. Kwa hiyo "mbuzi anakula" nayo haitoshi kuwa ushahidi.

Majani ya mashine ya kukatia nyasi pia yaache. Yamekatwakatwa na kushindiliwa kwenye gunia, na kwa joto letu yanaanza kuchacha ndani ya muda mfupi. Tia mkono katikati ya gunia uone, ni moto kama mkate. Nyasi nzuri ni ile uliyoikata mwenyewe kwa panga au mundu, mbali na barabara ya magari na mbali na pahali mbwa wanapokojolea.

Basi ampe nini?

Kwanza nyasi, mbele yake masaa 24. Karibu asilimia 80 ya anachokula iwe nyasi. Ukiishi kwenye ploti isiyo na hata jani moja, uliza duka la pembejeo kuhusu nyasi kavu za Boma Rhodes, zile za marobota ya ng'ombe. Robota moja kwa sungura mmoja linakaa muda mrefu sana. Linunue kavu, lisilo na ukungu wala harufu ya uvundo, na ulihifadhi pasipovuja. Unyevu wetu wa huku hauna huruma.

Halafu kitoweo. Kiganja kimoja kilichojaa asubuhi, kimoja jioni, kwa sungura mzima. Na hapa Kwale kwa kweli ni tajiri, kushinda duka lolote la kifahari. Mchunga, ule wenye uchungu ambao nyumbani mnaupika na Wadigo wanauita mtsunga, sungura wanaupenda sana. Matembele. Dania. Nanaa uliyopanda kwa ajili ya chai. Mrehani wa mlangoni kwa bibi, ule wa harufu nzuri. Maganda mabichi ya mahindi, yale majani ya nje. Majani ya mronge, ambao watu wa mjini wanauita moringa, ila kidogo, maana yana protini na kalsiamu nyingi. Changanya aina mbili au tatu kwa siku, kesho badilisha.

Nyingi kati ya hizo hununui. Gunia moja la udongo pale barazani linakupa nanaa, dania na mrehani mwaka mzima. Jani la mchunga lina faida kwake kuliko karoti ya kutoka Kongowea uliyoilipia nauli.

Mboga mpya ianzishe moja moja. Leo jani moja au mawili, halafu ungoje siku mbili tatu ukiangalia mavi. Yakibaki mviringo, makavu na mengi, endelea. Yakilainika, ondoa ile mpya na urudi kwa nyasi tupu. Kama ni mtoto aliye chini ya wiki 12, mboga bado. Nyasi na maji kwanza. Na anayekuuzia kitungule wa mwezi mmoja akikwambia "huyu anakula kila kitu", jua anataka pesa yako tu.

Osha mboga, kung'uta maji, tandaza kivulini mpaka zinyauke kidogo. Masika yakiingia nyasi zinakuwa laini na zimejaa maji, hapo kunyausha ni lazima, na usimbadilishie ghafla kutoka nyasi kavu hadi mbichi tele. Kilichobaki baada ya masaa machache kitoe. Kwa joto la Diani, mboga ya asubuhi mchana ni taka.

Dawa usizoziona

Nimesema osha, lakini maji hayaondoi kila kitu. Mboga nyingi za sokoni zimepigwa dawa, na dawa nyingine huingia ndani ya jani. Hili si porojo za mitandaoni. Mwaka 2019 Gladys Boss Shollei, Mwakilishi wa Kike wa Uasin Gishu, alipeleka ombi Bungeni kutaka dawa kadhaa za mashambani zipigwe marufuku kwa ajili ya afya za watu. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa. Mkulima mwenye shida ya pesa hasubiri.

Sasa piga hesabu. Wewe una kilo 60, sungura ana kilo mbili. Wewe unakula sukuma iliyopikwa na sima, yeye anakula mbichi. Fundo lile lile la mboga lina uzito tofauti kabisa kwenye miili hiyo miwili. Ndio maana nasisitiza mboga ya uani, na ukinunua, muulize mama mboga imetoka wapi. Wengi wanajua na watakwambia ukiuliza kwa heshima.

"Ni sungura tu"

Najua kuna mtu anasonya hapo. "Kuna wakati wa ukame Kinango watu wanangoja chakula cha msaada, wewe waniletea habari za kitoweo cha sungura?" Hoja hiyo naiheshimu. Lakini tazama nilichokwambia utoe: nyasi za kukata, majani ya uani, maji safi. Sijasema umnunulie hata kitu kimoja cha bei ghali. Nimesema ununue karoti chache. Maskini anaweza kumfuga sungura vizuri. Asiyejali hawezi, hata awe na nyumba ya baharini.

Mwingine atasema, "Kijijini kwetu walilishwa maganda na hawakufa." Walikuwa pia wakitafuna nyasi kutwa nzima, na maganda yalikuwa ya ziada. Hawakuwa kwenye katoni ndani ya chumba kimoja, wakingoja utoke kazini. Na waliokufa, nani alihesabu?

Kama unamfuga umle, sina neno nawe. Ila mnyama wa kitoweo naye ana haki ya kutokufa kwa gesi tumboni. Hata sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, haisemi "isipokuwa sungura".

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Tunamnunulia mtoto sungura ili ajifunze kulea, halafu anachojifunza ni kwamba kiumbe kikifa unanunua kingine. Mtoto wa miaka saba anaweza kukata nyasi, kuosha dania na kuhesabu mavi asubuhi. Mpe kazi hiyo. Atajua mambo ya tumbo, ya mimea na ya wajibu ambayo wengi wetu tulimaliza shule bila kuyajua.

Na kama ukijitazama unaona huna muda wa nyasi kila siku, usimnunue. Hakuna aibu. Wapige picha wa jirani, waweke kwenye status, maisha yaendelee. Lakini kama unaye tayari, jioni ya leo ukipita sokoni na mama mboga akikusogezea ule mfuko wa bure, mwambie asante, endelea na safari, kisha upitie nyasi njiani.